Kikigoma, Futa

Mama mkwe alikuwa ameshavaa miwani na kuketi kwenye kiti chake cha plastiki, karibu kabisa na televisheni. Subiri alitoka jikoni na kikombe cha chai, akatupia jicho skrini, akasimama. Mahali ambapo siku zote palikuwa na alama ya mpira palikuwa na mraba mtupu.

"Mama," alisema taratibu, "umegusa nini?"

"Sijagusa. Nimetengeneza."

"Umetengenezaje?"

"Kama mwanangu alivyonifundisha. Kile kiduara kilikuwa kinazunguka tu, kinazunguka tu, mpaka kichwa kikaniuma. Kikigoma, futa, kisha pakua upya. Basi nimeshafuta. Sasa natafuta pa kupakulia, sipaoni. Nitafutie wewe mwenye macho, mechi inaanza saa kumi."

Subiri aliweka kikombe juu ya meza. Aliichukua rimoti akaingia kwenye duka la kisanduku cha intaneti kilichofungwa kwenye televisheni, pale programu zinapopakuliwa, ingawa alishajua hatakuta kitu. Alitafuta programu ya mpira kwa jina. Alitafuta tena. Kisanduku kilimletea chaneli zake chenyewe, za mapishi, za katuni na za mechi za zamani.

Subiri halikuwa jina lake. Alibatizwa hivyo na wenzake katika kampuni ya maji, ambako kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja ambao mabomba yao yamekauka. "Subiri kidogo, tunalishughulikia," ndiyo ilikuwa sentensi yake, na aliisema kwa sauti laini kiasi kwamba watu walikata simu kabla hawajakumbuka kukasirika. Mumewe naye aliitwa Sumaku, kwa sababu mipira ilinata mikononi mwake. Alikuwa golikipa katika ligi ndogo ya nchi ya mbali, ligi ambayo haikuonyeshwa na yeyote isipokuwa programu ile moja. Kabla hajaondoka aliwanunulia kisanduku, akakifunga kwenye televisheni, akamfundisha mama yake dawa moja tu ya maradhi yote: kikigoma, futa, pakua upya. Mama aliishika dawa hiyo kama alivyokuwa akizishika taratibu za kiwanda cha nguo alikofanya kazi zamani.

Asichokijua mama mkwe ni kwamba wiki iliyopita, asubuhi, wakati yeye bado amelala, kisanduku kilikuwa kimeleta tangazo. Subiri alilisoma amesimama, mkoba begani. Kampuni ya kisanduku na wenye programu walikuwa wameshindwa kuelewana. Hawa walitaka fungu kubwa zaidi la mapato, wale walitaka jina lao likae juu ya mengine, kila mmoja akimwambia mtazamaji kwamba mkosaji ni yule. Programu ilikuwa imeondolewa dukani. Walio nayo tayari wangeendelea kuitumia, ila atakayeifuta hataipata tena. Chini palikuwa na neno "Sawa". Subiri akalibonyeza, tangazo likaondoka, naye akaenda kazini. Kwa nini amsumbue mtu mzima na ugomvi wa matajiri?

"Umeipata?" mama mkwe aliuliza.

"Subiri kidogo, Mama. Ngoja niwapigie wenyewe."

Alipigia jikoni, mlango ameurudisha. Dada aliyepokea alikuwa na sauti laini.

"Tunaelewa usumbufu unaoupata, mpendwa mteja."

"Nataka kujua inarudi lini."

"Tunalishughulikia. Kwa sasa unaweza kufurahia chaneli zetu, zina mpira pia."

"Mpira wa leo?"

"Fainali bora za miaka iliyopita."

"Dada yangu, mume wangu anacheza leo. Hachezi miaka iliyopita."

Sauti ile ile ikarudia. "Tunaelewa usumbufu unaoupata."

Subiri alikata. Alijaribu simu yake mwenyewe, ambayo kioo chake kilikuwa na nyufa na ambayo ilishaikataa programu ile tangu mwaka jana. Ikaikataa tena. Alibaki ameegemea sinki. Na humo ndani, chini ya wasiwasi wote, alihisi kitu kingine ambacho hakukipenda: nafuu.

Kwa maana Sumaku hangecheza leo. Alikuwa amemwambia jana, kwa sauti ya chini. Mwezi uliopita aliruka kufuata kona, akagongwa angani, akaanguka kwa shingo. Mama yake aliyaona yote, machela na shuka jeupe, akiwa kwenye kiti kile kile cha plastiki. Tangu hapo Sumaku alisema anaendelea vizuri, na kwamba leo atarudi golini. Jana akasema hatarudi. Atakaa benchi tu, daktari bado hajaridhika. "Usimwambie Mama," alisema. "Nitamwambia mwenyewe nikiwa tayari."

Na "anaendelea vizuri" ndiyo maneno ambayo mama mkwe hakuweza kuyasikia bila kukunja uso. Mume wake alipolazwa, shemeji zake walimpigia kila siku kumwambia anaendelea vizuri, mama wa watu akaendelea na zamu zake za kiwandani, mpaka walipompigia kumwambia aje wachukue mwili. Kazi yake ilikuwa kukagua mashati. Hakuna shati lililopita mezani kwake bila yeye kulinyoosha kwenye mwanga, hata kama msimamizi alimwapia kwamba liko sawa. Tangu msiba ule alikuwa hivyo hata kwa watu. Sumaku alipopiga simu ya video baada ya kuumia, alimtazama usoni kwa adabu, kisha akamwambia, "Simama nikuone." Sumaku akasema mtandao mbaya.

Subiri alirudi sebuleni. "Wanasema wanalishughulikia, Mama. Huenda kesho."

"Usiniongelee kisimu-simu. Mimi sina bomba lililokauka." Mama mkwe hakupandisha sauti. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. "Leo mwanangu anaingia golini kwa miguu yake au haingii. Nimengoja mwezi mzima kuona hilo. Kesho nitaona nini?"

Saa ya ukutani ilikuwa inasikika. Subiri angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemlaumu: programu imekufa, kampuni zimegombana, basi. Alitazama mikono ya yule mama, imelala juu ya magoti kama ya mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Kuna kisanduku kama chetu," alisema. "Saluni, ghorofa ya chini. Sumaku ndiye aliyemwekea msusi."

Mama mkwe alikunja uso. "Kwa yule?"

"Kwa yule."

Walikuwa hawasalimiani tangu siku mama mkwe alipopita mlangoni pa saluni, akasimama nyuma ya mteja aliyekuwa akisukwa, na kutamka mbele ya watu wote, "Mstari wa tatu umepinda." Ulikuwa umepinda kweli, ndiyo maana msusi hakumsamehe.

Mama mkwe aliinuka, akachukua kiti chake cha plastiki, akatangulia mlangoni.

Saluni ilikuwa imejaa harufu ya mafuta na nywele zilizoungua. Mteja mmoja alikuwa chini ya kikausha nywele, mwingine kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Televisheni ya ukutani ilionyesha tamthilia. Mwanamke mmoja alikuwa akimtupia mwenzake maji usoni.

"Mkaguzi!" msusi alisema bila kuacha kusuka. "Leo umekuja na kiti kabisa. Ukaguzi wa siku nzima?"

"Shikamoo, Mama," msusi aliongeza mara moja, kwa kuwa hata ugomvi una mipaka yake.

"Marahaba. Nimekuja kuomba, sikuja kukagua."

Msusi aliacha kusuka. Subiri alimweleza kwa kifupi: programu imepotea juu, Sumaku anacheza. Neno "anacheza" alilipitisha haraka.

"Tamthilia yangu je?" alilia yule wa nusu kichwa. "Ndiyo kwanza wamefumaniana!"

"Watafumaniana tena kesho," msusi alisema. "Wewe kichwa chako bado ni nusu, huendi popote." Alichukua rimoti iliyofungwa nailoni, akatafuta alama ya mpira. Ilikuwepo. Subiri alivuta pumzi. Msusi akabonyeza.

Kiduara kikatokea. Kikazunguka.

Walingoja. Kiliendelea kuzunguka. Saa kumi ilipita.

"Hii nayo ni hivyo hivyo," alisema msusi.

"Lete," alisema mama mkwe. "Mimi najua dawa yake." Aliipokea rimoti kwa mikono miwili. Dole gumba lake halikutafuta, lilishajua njia. Orodha ikafunguka pembeni, neno "Futa" likawaka.

"Mama, usifute!"

Subiri alikuwa ameshamshika kifundo cha mkono, mbele ya watu. Hakuwahi kumshika hivyo.

"Ukifuta hairudi. Wameitoa dukani. Aliyenayo anaruhusiwa kubaki nayo, akiifuta ndiyo basi."

Mama mkwe aliutazama ule mkono mpaka Subiri akauondoa.

"Umeyajuaje hayo?"

"Kulikuja tangazo."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Ulikuwa umelala. Nikabonyeza 'Sawa'."

Kikausha nywele kilikuwa kinavuma. Mteja aliyekuwa chini yake alikisogeza nyuma ili asikie vizuri.

"Ukaniacha nifute."

"Sikutaka kukutia wasiwasi, Mama."

"Shemeji zangu nao hawakutaka." Mama mkwe alimrudishia msusi rimoti. "Ishike wewe. Itie mfukoni."

Hapo ndipo kiduara kilipotoweka bila kuguswa na mtu, na uwanja ukajaa ukutani, kijani kibichi. Mechi ilikuwa imeshaanza. Mama mkwe aliusogeza uso wake mbele. Kamera ilikwenda upande mmoja, ikarudi, ikafika golini.

"Huyu siye," alisema.

Alinyoosha kidole kwenye skrini.

"Mwanangu husimama na uzito kwenye vidole. Huyu amesimama kwa visigino. Siye." Hakugeuka. "Hili nalo ulilijua?"

"Ndiyo, Mama. Yuko benchi. Alinikataza kusema."

"Wewe hukatazwa sana."

Subiri aliketi kwenye stuli ya kuoshea nywele. Kipindi cha kwanza kilikwenda bila kamera kuligusa benchi hata mara moja. Msusi alisuka kwa mikono iliyopungua kasi, na yule wa nusu kichwa hakulalamika tena, alikuwa akiuliza kwa kunong'ona, "Ni yupi? Anavaa nini?"

Kipindi cha pili mchezaji mmoja aliumia karibu na mstari, mwamuzi akasimamisha mchezo, wenzake wakaenda pembeni kunywa maji. Nyuma yao, kwenye kona ya skrini, mtu mrefu mwenye koti la mazoezi aliinuka kutoka benchi akiwa na chupa mbili.

"Yule!" Subiri alisimama. "Mama, yule pale. Anatembea!"

"Nyamaza nitazame."

Sumaku alitembea hatua chache, akagawa chupa, akacheka na mtu, akarudi. Mchezo ukaendelea na kona ile ikapotea. Subiri alikuwa analia na kucheka, msusi akimpigapiga mgongoni kwa mkono wenye mafuta.

Mama mkwe hakucheka. "Alishika nguzo ya benchi kabla ya kuanza kutembea," alisema. "Na mguu wa kushoto unachelewa. Unafika, lakini unachelewa."

"Mimi sikuona hivyo."

"Hukutazama mguu." Alivua miwani. "Hilo ulilijua?"

"Hapana," alisema Subiri, na machozi yake yakakatika. "Naapa, Mama. Mimi pia hakuniambia."

Mama mkwe alimtazama muda mrefu, kama anayenyoosha kitambaa kwenye mwanga. Kisha akausogeza mwili wake pembeni ya kile kiti cha plastiki, ikabaki nafasi ya nusu mtu.

"Njoo. Mwandikie. Usimwandikie kwamba naendelea vizuri. Andika: Mama amekuona. Mguu wa kushoto una nini?"

Subiri aliandika kama alivyoambiwa, bila kuongeza neno la kulainisha. Mechi ikaisha. Msusi alikuwa amefika mstari wa mwisho wa kichwa kile, na hakuna aliyemwomba arudishe tamthilia. Simu ilikaa kimya juu ya goti la Subiri, kioo chake chenye nyufa kikizima na kuwashwa, kikizima na kuwashwa.

Kisha ikalia. Subiri alisoma kwa sauti, sauti yake ya kawaida, ambayo kazini hakuna aliyewahi kuisikia.

"'Ganzi. Tangu nianguke. Daktari anasema uti wa mgongo ulibanwa shingoni. Huenda ikaisha, huenda isiishe. Wiki ijayo wananipima tena. Samahani, Mama. Niliogopa.'"

Mama mkwe alitikisa kichwa polepole. Alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua.

"Sasa haya ndiyo maneno," alisema. Akamgeukia msusi. "Mechi nyingine ni lini hapa kwako?"

"Jumapili ijayo, Mkaguzi. Rimoti itakuwa inalala nyumbani kwangu, asije mtu akafuta."

"Na wewe," alimwambia Subiri, "tukipanda juu utanisomea lile tangazo. Lote, na yale maandishi madogo ya chini."

"Nililiondoa, Mama."

"Basi nisimulie unavyolikumbuka. Nitaketi nisikilize."