Jicho Linalokonyeza

Wivu ukishamkaba mtu kooni, hata chafya ya mkewe huiona ni ishara. Fundi cherehani alimwona mkewe akimkonyeza seremala aliyekuja kupunguziwa suruali. Jicho la kushoto, pa! Fundi akaendelea kukata kitambaa, na akakikata upogo. Kesho yake zamu ya kukonyezwa ikawa ya muuza maji. Lo! Kumbe huyu hachagui.

Mke akasema jicho linamwasha, ndani kuna kitu kinatembea, hebu mume wangu nitazame. Fundi akacheka kwa uchungu. Uongo gani huo, jamani, hata mtoto hadanganyiki! Akaigeuza cherehani ya mkewe itazame ukuta, na kila mteja mwanamume akawa anampima mwenyewe. Mke alipozidi kuomba atazamwe, siku baada ya siku, fundi alimjibu kwamba macho yake aliyatazama siku ya kumwoa, yakamtosha. Lisemwalo lipo, akajiambia, ingawa hakuna aliyekuwa amesema kitu ila yeye.

Mwishowe akamwita mjomba wa mkewe aje amrudishe mpwa wake kwao, ndoa imemshinda. Mjomba akaketi dukani, akasikiliza mashtaka yote, la seremala na la muuza maji, huku mke analia kimyakimya. Mara jicho lile likafumba, likafumbua, likamkonyeza mjomba.

"Umeona?" fundi akasema. "Hata wewe!"

Mjomba akainuka. Alimshika mpwa wake kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akatazama sana. Kisha akamwita fundi kwa kidole. Pale kwenye weupe wa jicho, chini ya utando wake, mnyoo wa unene wa uzi ulikuwa unajipinda, unavuka taratibu kuelekea puani. Fundi akatafuta kiti.

Hospitali walilitia jicho dawa ya ganzi, wakautoa mnyoo. Daktari akaeleza kwamba mnyoo ule huletwa na nzi anayeuma, huzunguka mwilini, na mara nyingine hupitia jichoni. Fundi alimshukuru kila mtu, mpaka mfagizi. Nje akamshika mkewe mkono, akamwambia waende nyumbani.

Mke akautoa mkono wake polepole.

"Mjomba alitazama mara moja tu," akasema. "Wewe nilikuomba mwezi mzima."

Akaondoka na mjomba wake. Fundi alimwita, akamwita tena, hakugeuka.