Msiba Uliohamia kwa Mvaaji

Nchi ya Ndolwe imelala kati ya vilima viwili vyekundu, na katikati yake upo mji wa Sheleto, ambao nyumba zake zimejengwa zikitazamana, kana kwamba wajenzi wa zamani waliogopa mtu kuishi akiutazama mgongo wa jirani yake. Anayeshuka kilimani huona kwanza moshi wa matanuri ya matofali, kisha mapaa ya nyasi, kisha Banda la Wote, jumba refu lisilo na mlango wala ukuta wa mbele. Ndani yake, mahali ambapo nchi nyingine huweka kiti cha enzi au picha ya mkubwa, kuna kigingi cha mbao kilichopigiliwa kwenye nguzo. Kigingi hicho ndicho kilichokuwa ikulu ya Ndolwe, kwa sababu hapo ndipo lilipotundikwa joho.

Joho lenyewe halikuwa zuri. Kila nyumba ilikuwa imetoa kitambaa chake: kipande cha kanga iliyochakaa, upindo wa kanzu ya harusi, kona ya shuka ya mtoto, mfuko wa shati la kazi. Mafundi waliviunga vyote pamoja, likawa zito kiasi kwamba anayelivaa hakuweza kwenda haraka. Mtu aliyechaguliwa kuamua mashauri, kugawa maji ya mfereji na kupokea wageni wa nchi aliitwa Mvaaji. Asubuhi alilitoa kigingini, jioni akalirudisha, akaenda kwake na shati lake mwenyewe kubishana na mkewe kuhusu chumvi ya mchuzi kama wanaume wengine. Siku ya kumkabidhi kazi, mji mzima ulimuuliza, "Joho la nani?" Naye alijibu, "La wenye vitambaa." Wakamuuliza tena, "Na bega?" Akajibu, "Langu, mpaka jua lizame."

Ilikuwepo desturi nyingine. Mtu alipofariki alizikwa siku hiyo hiyo, lakini kaburi liliachwa na tundu dogo upande wa mkono wa kulia. Wafiwa walikwenda Bandani, na Mvaaji alisimama kimya huku fundi akifumua kitambaa cha nyumba ile kutoka mwilini mwake. Kitambaa kikateremshwa katika tundu, kaburi likasawazishwa, mikeka ikakunjwa, msiba ukaisha. Kabla ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kusema umekwisha. Nyumba iliyopata mtoto ilileta kitambaa kipya, kwa hiyo joho lilikuwa likifumuliwa na kushonwa daima, na katika miaka ya homa Mvaaji alionekana kama mtu aliyejifunika wavu. Hakuna aliyemcheka. Wandolwe walijua kwamba nguo ile nzima haitoki Bandani kwa jambo lolote isipokuwa kwenda kwenye maziko ya Mvaaji mwenyewe.

Ndipo akaja Dumelezi. Alianza vizuri, na hilo walikiri hata waliomchukia baadaye. Mvua kubwa iliponyesha na paa la Banda likavuja, alilichukua joho akaenda nalo nyumbani ili lisioze, na watu wakamshukuru. Mvua zilipokatika alisema wenye shida wanamfuata jioni hadi kwake, sasa atawapokeaje na shati? Kisha likatiwa bitana ya hariri, kwa sababu lilimkwaruza. Kisha likafungwa vifungo vya shaba. Pale kigingini mchuuzi mmoja akatundika kapu la machungwa, na hakuna aliyemwambia aliondoe. Watoto waliozaliwa miaka hiyo walikua wakisema joho la Dumelezi, kama mtu anavyosema pua ya Dumelezi.

Wafiwa walipokwenda kuomba kufumuliwa, waliambiwa wasubiri. Hariri ingechanika. Wageni walikuwa njiani, na haipendezi nchi kuonekana ina matundu. Nyumba nyingine zilikunja mikeka kimyakimya, kwa aibu, na makaburini matundu yakaota nyasi.

Katika majira ya baridi alifariki Chanzi, mpiga matofali, kwa ugonjwa wa kifua. Kitambaa chake kilikuwa mfuko wa shati lake la kazi, ulioungua ukingo kwa cheche za tanuri, na kwenye joho ulikaa upande wa kushoto, chini ya vifungo vya shaba. Baada ya maziko mkewe, Mwasiti, alikwenda hadi lango la Dumelezi. Farahani, msemaji wa Mvaaji, alikuwa amekaa hapo akimenya chungwa.

"Karibu, mama. Una shida gani?"

"Nimefuata kitambaa cha mume wangu."

"Hicho kipo kifuani, kwenye joho. Unataka Mvaaji apokee wageni kifua wazi?"

"Waliomtangulia walipokea wageni kifua wazi. Wageni wakala, wakashiba, wakaenda zao."

Farahani akatema mbegu. "Mama, elewa. Hii ni mali ya umma. Haiwezi kunyofolewa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja."

"Sawa. Huyo umma anakaa mtaa gani, nikaongee naye?"

Walinzi wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa kuwa Dumelezi alikuwa ametokea barazani, joho likimmeremeta kooni.

"Dada yangu Mwasiti, pole sana," alisema kwa sauti ya upole ambayo huenda ilikuwa ya kweli. "Nitakupa shuka nzima ya hariri, mpya. Umpelekee Chanzi, alale kama mkubwa."

"Chanzi alinuka moshi maisha yake yote, kaka. Hiyo hariri ataijuaje kuwa ni yake?"

Dumelezi aliingia ndani, na lango likafungwa.

Mwasiti alirudi nyumbani, akakunja mkeka wake wa msiba, akaubeba kichwani, akaja akautandika mbele ya lango lile. Walinzi walipomuuliza anafanya nini, alisema msiba wake hauwezi kwisha kule ilhali kitambaa kiko huku, basi atakaa kilipo. Kwa kuwa Wandolwe hawamwachi mfiwa akae peke yake, majirani walikuja na mikeka yao. Wakaja na vyungu, kuni na unga, na walinzi wakalazimika kuwafungulia lango. Halafu wakaja wale waliokuwa wamekunja mikeka kwa aibu, wakaikunjua tena, na ua wa Dumelezi ukajaa watu waliokaa chini wakizungumza kwa sauti ndogo.

Bi Nangoma, kikongwe kutoka ng'ambo ya kilima, alifika akiwa hajui lolote. Aliona mikeka, aliona moshi wa vyungu, akapita katikati ya walinzi na furushi lake la unga, kwa maana hakuna anayemzuia mtu aliyebeba unga wa msiba. Alikwenda moja kwa moja kwa Rehani, mke wa Dumelezi, akapiga magoti.

"Pole, mwanangu. Kazi ya Mungu. Alinenepa kidogo mwishoni, lakini alipoanza hakuwa mbaya."

"Nani huyo, mama?"

"Mumeo. Marehemu Mvaaji."

Dumelezi akaruka kutoka barazani. "Mimi hapa, bibi! Mzima! Hunioni?"

Bi Nangoma alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia vifungo hadi miguu, kwa huruma.

"Joho limetoka Bandani," alisema. "Mikeka iko mlangoni. Uji uko jikoni. Nimeona misiba mingi, mwanangu, na sijaona uliokamilika kama huu."

Ingetosha mtu mmoja kumweleza kikongwe yule kwamba amekosea. Mwasiti akamtandikia mkeka. Mlinzi mmoja akavua viatu, kama wavuavyo wanaoingia kwenye nyumba ya matanga, na mwenzake akamfuata. Farahani aliuliza kwa unyenyekevu maziko ni saa ngapi. Rehani, ambaye hakuwa ameketi chini na wanawake wenzake tangu joho lilipoingia nyumbani kwake, aliupokea ule unga, akakaa, akalia, na mpaka leo watu hawakubaliani alikuwa akimlilia nani.

Dumelezi aliamuru watu watolewe. Walinzi waliinamisha macho, jinsi watu wainamishavyo mbele ya maiti. Alimwita fundi wake kwa jina, amfumulie bitana upesi. Fundi alikuwa kwenye mkeka, bakuli mkononi.

"Mzee, mimi hufumua nikiombwa na wafiwa," alisema. "Marehemu hajawahi kuniomba."

Basi akaingia ndani peke yake. Waliokaa karibu na dirisha walisikia kitambaa kikichanika, kisha kimya, kisha kikichanika tena. Alitoka alasiri, amevaa fulana, mabega yana alama nyekundu, joho limekunjwa mikononi ndani nje, hariri juu, imeraruka vibaya. Alikuwa ameutafuta mfuko wa Chanzi ili autoe, lakini miaka yote ile hakuwahi kuvitazama vitambaa kimoja kimoja, na sasa hakujua kipi ni kipi. Alisimama kidogo uani. Hakuna aliyesimama kwa heshima yake. Akatafuta ukingo wa mkeka uliokuwa mtupu, akakaa.

Mwasiti alimpelekea bakuli la uji, kama alivyompelekea kila aliyefika. Akaketi mbele yake, akaligeuza joho pale magotini, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye ule ukingo ulioungua. Akauma uzi kwa meno, akaanza kuuvuta taratibu.

"Pole, ndugu," alisema, bila kuinua uso. "Na wewe ni nani wake marehemu Mvaaji?"

Dumelezi alilitazama joho, akaitazama nyumba, akawatazama watu waliokuwa wakimngoja aseme. Uji ukaanza kupoa mikononi mwake.