Amina ya Shangazi Abeje

Ukiolewa na mwanasiasa umeolewa na mji mzima. Mama yangu aliniambia hivyo nikacheka, kwa sababu wakati ule Durojaiye alikuwa wakili tu, kijana mwembamba mwenye koti jeusi lililopauka mabegani, na siasa ilikuwa ya baba yake. Kumbe siasa ya kina Akinrogunde ni kama upara, haimwachi mtoto wa kiume hata mmoja. Babu alikaa kwenye bunge la kanda enzi za mkoloni. Baba alikuwa kamishna, wanajeshi wakamfunga, akatoka, akagombea tena. Kaka mtu, Adegoroye, ameongoza halmashauri mpaka watu wakamchoka. Na mume wangu yuko Bunge la jimbo muhula wa tatu sasa, na mimi nimechoka hadi kwenye mifupa.

Mwezi wa pili alianguka bungeni. Alisimama kuchangia muswada wa masoko, akasema "Mheshimiwa Spika," kisha akaketi mahali pasipo na kiti. Daktari akasema ni presha. Akamtazama usoni: "Wakili, kampeni nyingine itakuua." Hakuzunguka mbuyu. Nilimpenda sana daktari yule.

Pale pale kitandani mume wangu akaniahidi. Hagombei tena. Atarudi ofisini kwake, atatetea kesi za mipaka ya mashamba na za wajane walionyang'anywa nyumba, na jioni atakula kwake. Nilimfanya aseme mara mbili, maana nawajua mawakili.

Lakini kwao mtu hajitoi kwa simu. Lazima aende nyumba ya ukoo, kule Ilale, alale kifudifudi mbele ya wazee na aseme kwa kinywa chake. Basi Jumamosi moja tukatoka kwetu Akure asubuhi, mimi nikiendesha. Ua ulikuwa umejaa watu kabla sijazima gari.

"Mheshimiwa, pole na ugonjwa. Sasa ile transfoma yetu?"

"Mheshimiwa, mwanangu amekosa tena ile nafasi ya polisi."

"Mheshimiwa umekonda, lakini tunamshukuru Mungu. Binti yangu anaolewa mwezi ujao."

Mpiga ngoma ya kwapani naye alikuwa ameshamwona, anaita majina ya sifa ya babu na ya baba, moja baada ya jingine, na mume wangu mgongo wake ukanyooka taratibu. Niliuona ukinyooka. Nilidhani ni adabu tu.

Ndani alikuwepo Adegoroye na wazee kadhaa, na kwenye kiti cha katikati, Shangazi Abeje, dada mkubwa wa marehemu baba mkwe. Huyu mama amekula chumvi nyingi. Aliuza vitambaa sokoni maisha yake yote, na hakuna Akinrogunde aliyewahi kushinda uchaguzi bila yeye kupita kwa wanawake nyumba kwa nyumba. Durojaiye akalala kifudifudi, mimi nikapiga magoti.

"Mke wetu," akaniambia. Nimezaa watoto wanne katika ukoo ule na bado naitwa hivyo. "Mbona umekonda? Mume hakulishi?"

"Ananilisha, Mama. Ni mawazo."

"Mawazo mwachie yeye mwenye kichwa kikubwa."

Wakacheka. Durojaiye akacheka nao, kisha akasema yaliyomleta. Alisema vizuri, sina la kumlaumu hapo. Alieleza kuhusu daktari, kuhusu miaka yake, kwamba anawashukuru na kwamba kiti sasa kitafute mtu mwingine. Adegoroye hakusubiri amalize.

"Kiende kwa kina Fasoranti? Watu waliomtukana baba yetu mpaka kaburini?"

"Kiende kokote, kaka."

"Wewe umelogwa," akasema, akanitazama mimi.

"Sema tu, shemeji," nikamwambia. "Mchawi mwenyewe amekaa hapa, anakusikiliza."

Hapo pangewaka moto, lakini Shangazi Abeje akainua upepeo wake. "Mwacheni. Mtoto anasema amechoka. Mnataka alete cheti?" Akajipepea mara mbili. "Tumesikia. Tufunge kwa dua, tule."

Nusura nilie kwa shukrani. Yaani mpaka nikatafuta leso.

Sasa, kwetu dua haisikilizwi, inaitikiwa. Mtu akikutamkia heri, unasema Amina kabla hajafunga mdomo. Mtoto hujifunza hilo kabla hajajua kupenga kamasi. Na anayenyamaza kwenye dua, watu humgeukia wote: ana nini moyoni huyu? Shangazi akashika kola, ile mbegu chungu ya kuombea dua, kwenye kiganja, akafumba macho.

"Hatutazika watoto wetu."

Amina.

"Njia zetu zisiote miiba."

Amina.

"Anayetuchimbia shimo alipime kwa mwili wake mwenyewe."

Amina, na ya Adegoroye ilisikika mpaka barabarani.

"Mwanetu atakayetoka nyumba hii mwakani kwenda kukitetea kiti cha baba yake," akatulia, akavuta pumzi, "Durojaiye, atoke salama, arudi salama."

Amina! Chumba kizima, hadi akina mama waliokuwa jikoni wakitwanga viazi vikuu. Mimi niliuma ulimi. Mume wangu midomo yake ilicheza, sauti sikuisikia. Nikasema moyoni, mama wewe, sitakupa. Ng'o.

Hakuwa amemaliza. Akafumbua macho, akayaweka kwangu.

"Na katika safari hiyo, mke wetu huyu, aliyemuuguza mpaka akasimama, asivae nguo ya ujane."

Hakuna aliyeitikia. Ile ilikuwa yangu, na wote walikuwa wanaisubiri itoke kwangu.

Ningefanyaje? Niseme napokea nusu ya pili, ya kwanza nairudisha? Mahakamani mume wangu angesimama kupinga, angesema mambo mawili hayafungwi kamba moja, na hakimu angemsikiliza. Alikuwa anatazama sakafu. Nikinyamaza, nimekataa Amina kwenye uhai wa mume wangu mbele ya watu. Akianguka hata bafuni kwetu, hata baada ya miaka kumi, wataniambia niliyataka mwenyewe. Tena afadhali ingekuwa wao tu. Mimi pia ningejiambia hivyo, kila usiku, kwa sababu nami naamini.

"Amina," nikasema.

Ngoma ikalipuka nje. Akina mama wakaja na mikono inayonata viazi kunikumbatia, "Mke wetu amekubali, mke wetu amekubali," na Adegoroye alikuwa tayari yuko kwenye simu na mwenyekiti wa chama. Shangazi Abeje akavunja kola, akanipa kipande cha kwanza. Kilikuwa kichungu, nikakitafuna chote.

Tuliondoka mchana. Tulipopita mji wa pili nikamuuliza.

"Baba Ireti."

"Naam."

"Shangazi alijuaje kwamba wa kubanwa ni mimi, si wewe?"

Akawa anatazama dirishani. "Alinipigia simu wiki iliyopita. Nikamwambia nimemwahidi mke wangu, ahadi siwezi kuivunja."

"Ukamwambia hivyo tu?"

"Nikamwambia labda mke wangu mwenyewe aniachilie."

Kwa hiyo ile hotuba nzuri, kifudifudi, kaka na daktari, ilikuwa danganya toto. Kesi alikuwa ameshaikabidhi kwa wakili bora kuliko yeye. Nilitaka kusimamisha gari nishuke nimpigie kelele pale porini, na ningefanya hivyo miaka kumi iliyopita. Nilitafuta hizo nguvu, sikuziona. Nikabadilisha gia.

"Kumbe kiti ulikuwa bado unakitaka."

"Nikirudi pale ofisini, Mama Ireti," akasema, na hakuwa anatania, "nitakuwa nani?"

"Ungekuwa mume wangu."

Alifikiri. Nasema kweli, alilifikiria jambo lile. Kisha akaniomba niongeze mwendo kidogo, kuna watu wa chama wanamsubiri nyumbani.