Ogoti Aatamia Mayai

Baridi ya Julai ilipotua Marani, mzee Ogoti na kuku wa mkewe walianza kugombania mahali pamoja.

Mahali penyewe palikuwa jikoni, kando ya mafiga, kwenye ile kona inayopata joto bila moshi. Damaris, mkewe, alikuwa amemwandalia kuku wake karai kuukuu lenye majani makavu ya mgomba na mayai tisa ndani yake. Kisha ikaja habari kwamba dada yake wa Suneka ameteguka mguu, naye hana budi kwenda kumuuguza. Akamwachia mumewe maagizo akiwa tayari mlangoni, begi begani.

"Ng'ombe usimpe maji baridi, yapashe kwanza. Ndama mvalishe gunia jioni. Mbuzi wasitoke kabla ukungu haujainuka, watakohoa. Na kuku wangu usimguse. Amebakisha siku chache tu."

"Mama Maureen," Ogoti alisema, "mimi nimeendesha lori la majani chai mpaka nikastaafu, kwenye matope ya kila aina. Sasa nishindwe na kuku?"

"Lori halina roho," Damaris akajibu, akaenda zake.

Mwanzoni mambo hayakuwa mabaya. Ogoti alikata majani ya nepia yakiwa bado na umande unaouma vidole, akachanganya na vipande vya mgomba, akampelekea ng'ombe. Alimwaga majivu zizini ili matope yakauke. Ndama alimvalisha gunia juu chini, akawa anatembea kama amevaa sketi iliyombana, lakini hakupata baridi. Taabu ilikuwa ni kurudi jikoni miguu imelowa, kutaka kuikausha, na kukuta ile kona ina mwenyewe. Kila aliposogeza kiti, kuku alivimba. Kila aliponyoosha mkono kuchukua ukuni, kuku alimdonoa.

Ijumaa asubuhi, baada ya kudonolewa mara nyingine tena, Ogoti alibeba karai zima, kuku akiwa juu yake, akalipeleka ghalani kwenye magunia ya mahindi.

"Huku kuna utulivu," akamwambia.

Kuku akatazama ghala, akasimama, akajikung'uta, akatoka nje. Ogoti hakujali. Alirudi jikoni, akaketi kwenye kona yake, akanywa chai yake kwa raha. Alipotoka ndipo alipomwona kuku kule migombani akipekua udongo, hana haraka, kama mtumishi aliye likizoni.

Mzee alikimbilia ghalani. Mayai yalikuwa bado na vuguvugu, lakini vuguvugu la kuaga. Alilirudisha karai jikoni mbio, akamfukuza kuku katikati ya majani chai mpaka akamkamata, akamweka juu ya mayai. Kuku akainuka. Akamfunika kwa kikapu. Kuku akasimama humo ndani ya kikapu wima, kama abiria aliyekosa kiti, wala hakuketi.

Hapo ikabidi amwite Phanice.

Phanice alikuwa mjane wa mdogo wake Ogoti, na boma lake lilikuwa ng'ambo tu ya ua. Tangu mwezi uliopita hawakuwa wakisalimiana vizuri. Mbuzi fulani aliingia kwenye shamba la Ogoti akala kabichi zote, akaacha vishina. Ogoti, bila kuuliza mtu, alimnyooshea kidole mbuzi wa Phanice kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Tangu siku hiyo Phanice alimfunga mbuzi wake kwa kamba fupi na kumkatia majani yeye mwenyewe. Hata hivyo aliitwa, akaja. Alichukua yai moja, akaliweka sikioni.

"Wako hai," alisema. "Tena wako mlangoni kabisa. Lakini ukiyaweka karibu na moto yataiva, ukiyaweka mbali yatapoa. Yanataka mwili."

"Mwili wa nani?"

"Mimi nina kazi ya mbuzi, shemeji. Sababu unaijua. Aliyemfukuza mama yao ni wewe. Basi kuwa mama yao."

Ogoti alicheka. Phanice hakucheka. Aliingia chumbani mwa Damaris, akatoka na leso mbili na kofia ya sufu, akamwambia shemeji yake anyanyue mikono. Alipomaliza kumfunga, mayai yote tisa yalikuwa yamezunguka tumbo la Ogoti, juu yake sweta, na juu ya sweta lile koti lake refu la udereva.

"Usilale kifudifudi," Phanice alisema. "Usipige chafya. Na ukikohoa, kohoa kwa adabu."

Jioni hiyo Ogoti alikamua akiwa amekaa wima kama bwana harusi anayepigwa picha, na ng'ombe akawa anageuza shingo kumtazama. Kulala, alilala kitini.

Kulipokucha ilikuwa Sabato. Ogoti alitaka kubaki nyumbani, lakini zamu ya kuomba ilikuwa yake, na asingeonekana kanisani, wangekuja kumtazama nyumbani kundi zima.

"Halafu shemeji," alimwuliza Phanice njiani, akitembea polepole kwenye utelezi, "hii si kazi? Siku ya Sabato?"

"Kwani umewahi kuona kuku akishuka kwenye mayai kwa sababu ya Sabato?"



Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya kanisa na kila mtu alikuwa amejifunika, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona Ogoti amenenepa. Tatizo lilikuwa Mokua. Huyu Mokua, mzee wa kanisa na mhubiri wa siku hiyo, alikuwa mtu mpana mwenye mapenzi mengi. Yeye hasalimu kwa mkono. Hukumbatia, na hukumbatia mpaka mtu aokote kofia yake chini. Alipomwona Ogoti mlangoni alifungua mikono.

Ogoti aliruka nyuma, akanyoosha mkono wake wote kama mtu anayezuia mlango.

"Happy Sabbath, ndugu," alisema kutoka mbali.

Uso wa Mokua ulisawijika. Aliushika ule mkono, akautazama, akaenda kuketi.

Ilipofika zamu yake, Ogoti alipiga magoti taratibu mno, akaomba maombi mafupi hivi kwamba alipomaliza na kuinuka, watu wengi walikuwa bado wamefumba macho wakingoja. Kisha Mokua akasimama kuhubiri. Somo lilitangazwa kuwa uvumilivu. Lakini haikuchukua muda likahama, likawa kinyongo, likawa ndugu wanaokaa jirani na kukataa kugusana. Ogoti hakuwa akisikiliza. Kitu kilikuwa kinamkuna upande wa kushoto wa tumbo, kutoka ndani ya leso.

"Ndugu Ogoti!" Mokua aliita. "Njoo hapa mbele."

Ogoti alikwenda, kwa kuwa kanisa zima lilikuwa limegeuka kumtazama.

"Leo umekataa kunikumbatia," Mokua alisema. "Moyo wangu umejua kwa nini. Umegundua. Na mimi siwezi kuubeba mzigo huu tena. Ni kweli, ndugu yangu. Kabichi zako zililiwa na beberu wangu. Nilimwona akirudi nyumbani na jani mdomoni, nikanyamaza."

Upande wa akina mama mtu alisimama.

"Ati nini?" Alikuwa Phanice. "Mokua, rudia hapo!"

Ogoti, aliyekuwa hajagundua chochote mpaka dakika hiyo, alibaki kinywa wazi. Mokua akadhani anataka kulia. Akashuka jukwaani, mikono imefunguka.

"Tusameheane, ndugu yangu."

"Simama hapo, Mokua!"

"Nikumbatie unisamehe."

"Nimekusamehe! Nimekusamehe, lakini kutoka hapo hapo ulipo!"

Ndipo ikasikika. *Pii.* Mokua akatazama mabati juu. *Pii, pii*, ikaja tena, kubwa zaidi, na wa pili akaitikia kutoka upande wa mgongo. Kati ya kifungo cha pili na cha tatu cha koti la Ogoti kikatokea kichwa kidogo, kimelowa, kikawakodolea waumini macho.

Waliocheka kwanza ni watoto. Halafu kwaya. Halafu Mokua mwenyewe, ambaye alicheka mpaka akashika ukingo wa jukwaa. Phanice alikuja mbele, akamfungua shemeji yake koti mbele ya watu wote, na akina mama wakapokezana mayai na vifaranga viganjani, wakiyapulizia pumzi. Vifaranga wakatiwa ndani ya kofia ya sufu aliyovaa Ogoti, na ibada ikafungwa huku kofia ikilia.

Kati ya mayai tisa, mawili hayakutoa kitu. Saba yalianguliwa. Jioni Ogoti aliwapeleka vifaranga kwa mama yao. Kuku akawatazama mmoja mmoja, akamdonoa aliyekuwa karibu, akaenda kulala juu ya mti. Ikawa basi, watoto ni wa Ogoti.

Kesho yake alivuka ua kwenda kwa Phanice, akasimama uani.

"Shemeji, nilikuonea."

"Ulinionea," Phanice alisema, akiendelea kupepeta maharage.

"Basi?"

"Basi nimesikia. Shika kamba ile, umfungue mbuzi wewe mwenyewe."

Ogoti alimfungua. Mchana huohuo Mokua alikuja na miche ya kabichi kwa Ogoti na mzigo wa nepia kwa Phanice, akaambiwa na Phanice auingize mzigo mpaka ndani na arudi na mwingine keshokutwa.

Damaris alirejea Jumanne. Habari zilikuwa zimemfikia Suneka kwa simu kabla vifaranga hawajakauka, tena kwa watu watano tofauti. Alimkuta mumewe zizini akikatakata nepia, koti limefungwa mpaka shingoni, na koti hilo linalia.

"Nilikwambia usimguse kuku wangu," alisema.

"Sikumgusa. Niligusa karai."

Damaris alijaribu kununa, ikashindikana. Aliweka begi juu ya ukuta wa zizi, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Hebu anza mwanzo," alisema. "Na usiruke pale pa Mokua."

Ogoti alianza. Hakufika mbali, kwa sababu ng'ombe alilia akitaka chakula, na ilibidi kwanza vifaranga washushwe chini ili apate kuinama.