Lori Namba 4417 na Muhuri wa Stanley

Jumanne saa nne asubuhi, honi ya chai ilipolia katika kiwanda cha malori cha Birtwell, Stanley Ormerod aliweka nyundo na muhuri wake juu ya meza, akafuta mikono na kufungua mkate wake uliopakwa mafuta ya nyama. Kabla hajaung'ata, lori namba 4417 liliingia langoni bila dereva, likapunguza mwendo kwenye kona ya stoo ya matairi kama sheria inavyotaka, likaja kusimama mbele yake. Lori hilo lilikuwa limekatwakatwa na kuuzwa vyuma chakavu tangu Machi.

Bernard, bawabu, alikuja nyuma ya lori na daftari, uso kaukunja.

"Stan, mgeni wako hana karatasi hata moja. Niandike nini?"

"Andika alivyokuja."

Bernard akalamba penseli, akaandika: Dereva, hakuna.

Mafundi wengine walisogeza benchi ili moshi usiwaingie vikombeni, wakaendelea kunywa. Stanley ndiye aliyeuweka mkate wake chini. Kwenye kiti cha dereva palikuwa na kofia ya shemeji yake Clifford, aliyefia ndani ya lori hilohilo akilipeleka kwa mteja, breki zilipokataa kwenye mteremko wa Crag Bank. Chupa yake ya chai ilikuwa bado ya moto.

Stanley alikuwa mkaguzi wa breki. Kila mkaguzi alikuwa na muhuri wake wa chuma, na hakuna ekseli iliyotoka Birtwell bila kugongwa namba ya mtu aliyeipitisha. Ekseli ya 4417 ilikutwa na namba 58, na 58 ni Stanley. Namba hiyo ilisomwa kwa sauti kwenye uchunguzi wa kifo, mjane amekaa safu ya mbele. Mjane huyo ni Nellie, mdogo wake Stanley wa kuzaliwa tumbo moja. Tangu siku ile, Nellie akimwona kaka yake anakuja, anavuka barabara. Nao wanakaa mtaa mmoja, kwa hiyo alikuwa akivuka kila siku ya Mungu.

Stanley hakuigonga namba ile. Alikuwa ameikataa breki na kuchora msalaba wa chaki nyekundu kwenye ekseli. Honi ikalia, akaacha muhuri mezani, akaenda kunywa chai. Hakuona hatari yoyote. Birtwell, tangu enzi za magari ya mvuke, fundi hagusi chombo cha mwenzake. Lakini Bwana Pilling, meneja, hakuwa fundi, na mteja alikuwa ameahidiwa lori siku hiyohiyo. Stanley aliporudi alikuta nafasi ya lori tupu.

Sasa aliingia chini ya lori na tochi. Msalaba ulikuwepo, mwekundu vilevile, na 58 imegongwa katikati yake. Stanley alilia palepale sakafuni, kwa furaha.

Alipotoka, Pilling alikuwa amesimama na Percy, fundi wa rangi.

"Limerudi wakati mzuri," alisema Pilling. Kiwanda kilikuwa kinatimiza miaka hamsini, na kitabu cha historia yake kilibakiza picha ya mwisho. "Percy, lipake lote, mpaka chini. Mpiga picha anakuja saa nane."

Percy alianza kukoroga rangi. Stanley hakuomba ruhusa. Alitoka mbio na aproni yake mpaka mtaani, akamkuta Nellie amepiga magoti anasugua kizingiti cha mlango wake, hana pa kuvukia.

"Nell, njoo uone kitu. Kabla hawajapaka rangi."

"Nina kazi."

"Gari la Cliff limerudi."

Nellie aliacha kusugua. "Na mwenyewe?"

"Kofia tu."

Akachukua koti lake.

Walimkuta Percy ameshamaliza ubavu mmoja. "Fanyeni haraka basi, jamani, rangi inakauka," alisema, akasogea. Nellie alilala sakafuni na koti lake la kanisani, kaka yake akimmulikia.

"Umeona msalaba wangu? Niliikataa, Nell. Hiyo namba wameigonga wao juu yake. Si mimi!"

Nellie akapitisha kidole juu ya chaki.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, ndiyo maana nika..."

"Uliporudi ukakuta limeondoka. Ukafanya nini?"

"Nilimwambia Pilling."

"Akasemaje?"

"Akasema nirudi kazini."

"Ukarudi."

Stanley alishusha tochi. "Nikarudi."

"Langoni kuna simu, Stan. Na juu ya Crag Bank kuna kituo cha polisi." Alisema taratibu, kana kwamba anamwelekeza mgeni njia. "Na kwenye uchunguzi, ulipoulizwa, ukanyamaza. Miezi yote hii nilidhani ulikosea tu."

Alitoka chini ya lori, akachukua kofia ya mumewe, akaenda zake. Percy akapaka palipobaki. Picha ilitoka vizuri, na kitabuni chini yake wameandika: Magari ya Birtwell hurudi nyumbani.

Tangu hapo lori huja kila Jumanne, bila kofia, na Jumatano huwa halipo. Bernard ameshaliwekea ukurasa wake. Kila linapokuja, msalaba huwa umejitokeza upya juu ya rangi, kwa hiyo stoo hutoa kopo moja la rangi ya kijani kila wiki bila kuuliza. Percy alilalamikia magoti yake, na Pilling akampa Stanley kazi hiyo, kwa kuwa iko karibu na meza yake.

Stanley hulala chini ya ekseli, akapaka kuanzia kwenye namba. Honi ya mchana ikilia kabla hajamaliza, huweka brashi juu ya meza, mahali pa wazi, akaenda kula. Hakuna anayeigusa.