Mbonyezeeni Garad

Ami Ridwan alipomaliza kujenga gesti yake Lodwar, upande wa Nawoitorong, alitaka msimamizi mmoja, na watoto wa kaka yake walioitaka kazi hiyo walikuwa wawili: Garad na dada yake Iqra. Akawapa kila mmoja fungu sawa la pesa za kutangaza gesti mtandaoni, na kila tangazo likawekwa namba yake ya simu. Namba itakayoleta wageni wengi, mwenyewe atashika funguo.

Garad alikimbilia Google. Iqra akachagua Bing, mtambo mwingine wa kutafutia mtandaoni, na kaka yake akacheka mpaka chai ikampalia.

"Huko nani ataona wewe?"

"Watu wa ofisi."

Iqra aliwahi kufanya kibarua kwenye shirika moja Kakuma. Kompyuta za pale zilikuja na Bing ndani, na hakuna aliyejisumbua kuibadilisha. Na watu wa ofisi ndio walalao gesti kwa risiti.

Angeishia hapo, angeshinda kwa heshima. Lakini aliitaka ile gesti mpaka usingizi ukamruka. Tena alijua jambo ambalo jamaa zake hawakulijua: kila anayebonyeza tangazo humkata pesa mwenye tangazo. Akaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, sauti imejaa asali.

"Ndugu zangu, Garad ametangaza gesti yetu Google. Tafuteni gesti Lodwar, mbonyezeeni, muone vyumba. Tusiache yeye peke yake."

Ukoo haukumwangusha. Kakuma walibonyeza, Kalobeyei walibonyeza, na shangazi Hoodo alibonyeza kila baada ya swala, akimwombea kijana baraka. Fungu la Garad likayeyuka, tangazo lake likazimika, na simu yake haikulia. Ya Iqra ililia: Ashley, afisa wa shirika, alitaka vyumba vyote kwa semina. Iqra akakabidhiwa funguo, na haya hakuona hata kidogo.

Asubuhi ya semina, magari mawili kutoka Kakuma yalisimama getini. Wa kwanza kushuka alikuwa shangazi Hoodo, na birika lake, magodoro na wajukuu.

"Tulibonyeza kama ulisema," akamwambia Iqra. "Vyumba ni vizuri sana. Sasa tumekuja."

Shangazi hatozwi. Hata kumuuliza atakaa mpaka lini ni utovu wa adabu. Iqra alimgeukia Garad kwa macho ya kuomba msamaha na msaada kwa pamoja, lakini Garad alikwisha kulibeba begi la shangazi, anaelekea chumba kikubwa kuliko vyote.

"Karibu, shangazi," alisema kwa upole. "Ngoja hapa kidogo. Mwenye funguo anakuja kufungua."