Oili ya Jumamosi na Jumatatu

Mtaa mzima ulimwita Mzee Difu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka thelathini amelalia mgongo chini ya magari, na katika mambo ya difu, ule mzinga wa gia unaozungusha magurudumu ya nyuma, hakuna aliyethubutu kumfundisha. Mpaka binti yake alipothubutu.

Gari la nyumbani lilikuwa moja, kazi mbili. Siku za kazi mama, muuguzi, alikwenda nalo hospitalini. Jumamosi binti alishindana nalo kwenye mbio za barabara iliyonyooka. Na mama alikwisha sema: "Likinilaza njiani Jumatatu, mbio basi."

"Weka oili nyepesi kwenye difu," mzee alimwambia binti. "Nzito inalivuta gari, utaachwa."

"Baba, usinikasirikie. Nikikanyaga mafuta ghafla, nyepesi inayakimbia meno ya gia, yanasagana makavu. Naweka nzito, na ile dawa ya klachi za difu, mama akikata kona isilalamike."

"Dawa! Kwani difu ina mafua?"

Binti alicheka, ila chupa hakuirudisha. Alijaza, akafunga, akalipeleka gari kwenye uwanja mtupu nyuma ya gereji. Akazunguka taratibu akichora nane, mara kumi, oili ipenye kwenye klachi, vile visahani vya ndani ya difu vinavyosuguana gari likikata kona. Mzee alitega sikio kusubiri mkwaruzo. Hakusikia kitu, akanuna.

Jumamosi binti alishinda mbio tatu, akashindwa ya nne na gari lisilojua kazi nyingine duniani ila mbio.

Kesho yake mzee aliingia chini mwenyewe, akakinga beseni, akafungua nati ya sumaku inayonasa vipande vya chuma. Alitamani kuvikuta, Mungu amsamehe. Akapitisha kidole. Ulikuwa ungaunga laini tu, wa kawaida kabisa. Kifua kikamjaa fahari hata akasahau kutoka chini ya gari.

Jumatatu mama alikata kona ya geti kimya kimya, akawahi kazini. Asubuhi hiyohiyo dereva wa teksi akaingia gereji.

"Mzee Difu, niweke oili gani?"

Mzee alijifuta mikono iliyokuwa safi.

"Mimi nimebaki na jina tu," alisema, akimwelekeza kwa binti yake. "Fundi wa difu yule pale."